Watumishi Wetu Mbona Hawakai?

Yamekuwa ni mazoea katika mji wetu wa Dodoma kwamba mtu akikosa kuingia katika mkahawa wake kwa muda wa miezi mitatu, siku atakayorudi hamkuti hata mmoja katika wale waliokuwa wakimhudumia. Sura zote ni ngeni. Kijana aletaye chai hajui kuwa mzee wa meza ya pembeni hatumii sukari. Binti aliyekaa penye fedha hajui bei ya wali mpaka aulize jikoni. Na mpishi wa sasa atia chumvi kwa mkono wa kubahatisha. Ukiuliza, "Yule fulani yuko wapi?" jibu ni moja kila mahali: "Ameacha." Na ukiwauliza wenye mali, watakuambia kwa uchungu kwamba watumishi wa siku hizi hawakai.

Neno hili "hawakai" twalisikia katika mikahawa, katika nyumba za kulala wageni, katika maduka ya nguo na ya vyakula, na hata majumbani mwetu kwa habari ya wasichana wanaotusaidia kazi. Na kwa kuwa wengi wa wasomaji wa gazeti hili ama ni wenye biashara ndogo, ama ni watumishi, ama ni wazazi wa watumishi, tumeona yatupasa kulitazama jambo hili kwa makini, tukijue chanzo chake, na tuitafute dawa yake katika dini yetu, katika sheria ya nchi, na katika akili aliyotujaalia Mwenyezi Mungu.

Sisi tunaosomesha watoto chuoni twaliona jambo hili kwa upande ambao mwenye duka halioni. Vijana waliohitimu mikononi mwetu huja kutuamkia siku za Idi. Mwaka huu kijana hutuambia yuko katika duka la vifaa vya ujenzi. Mwaka wa pili yuko katika nyumba ya wageni. Mwaka wa tatu anauza mitumba barabarani. Tukimwuliza kwa nini aliacha kazi ile ya kwanza, aghalabu hasemi kwamba mshahara ulikuwa mdogo. Husema, "Mwalimu, nilitukanwa mbele ya wateja," au, "Nilikuwa nadai miezi miwili." Na nyuma ya kijana huyo yuko mama aliyekuwa akitegemea fedha ile kwa ada ya wadogo zake, naye sasa amefunga mkono shavuni. Basi jambo hili si la faida ya mwenye duka peke yake. Ndani yake mna riziki za watu na heshima za nyumba.

MJI UMEKUA HARAKA

Dodoma ya leo si ile waliyoijua wazee wetu. Azimio la kuhamishia makao makuu ya Serikali hapa lilipitishwa mwaka 1973, lakini kwa miaka mingi mambo yalikwenda polepole. Ilipofika Julai 2016, Rais John Magufuli akatangaza kwamba Serikali itahamia Dodoma kwa vitendo, na tarehe 26 Aprili 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Manispaa ya Dodoma. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu watu 765,179. Na tangu Julai 2024 treni ya umeme inatuletea abiria kutoka Dar es Salaam kwa muda wa saa chache, ambapo zamani safari ile ilikuwa ya kutwa au ya usiku kucha.

Watu hawa wote hula, hulala, hununua, na hunyoa nywele. Kwa hiyo, tangu Majengo na Makole hata Nzuguni, Ihumwa na Mtumba, pamefunguliwa mikahawa na nyumba za wageni zisizo na idadi. Kila inapofunguliwa nyumba mpya, mwenyewe huwatafuta watumishi waliokwisha kufundishwa na mwenziwe. Mhudumu aliyetukanwa asubuhi Makole, mchana hupata kazi Ipagala. Zamani mtu alivumilia matusi kwa kuwa hakuwa na pa kwenda; sasa anapo. Mwenye biashara aliyezoea kusema, "Ukitaka kaa, hutaki toka, wako kumi mlangoni," hajatambua kwamba hao kumi wa mlangoni ndio wale wale waliotoka kwa jirani yake kwa sababu hiyo hiyo.

SI JAMBO GENI KATIKA NCHI HII

Asidhani mtu kwamba watumishi kuondoka ni balaa la zama zetu tu. Nchi hii ya Ugogo ilikuwa njia kuu ya misafara katika karne ya kumi na tisa, iliyotoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa, ikakata nyika zetu kavu kwenda Unyanyembe na Ujiji. Wapagazi wa misafara ile, wengi wao Wanyamwezi, walikuwa watu wenye kazi yao na kanuni zao: walijua uzito wa mzigo, walijua kiasi cha posho, na walijua haki ya kupumzika. Wasafiri wa Kizungu waliopita hapa, kama Burton mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871, wameandika malalamiko mengi juu ya wapagazi waliotupa mizigo na kutoroka. Lakini mwenye kuisoma habari ile kwa makini huona kwamba pale posho ilipopungua, au mwendo ulipozidi kiasi katika nchi isiyo na maji, au fimbo ilipotangulia maneno, ndipo watu walipotoroka kwa wingi. Na msafara ulioachwa na wapagazi katikati ya Ugogo, penye kulipa hongo kwa kila mtemi ili upate maji, ulikuwa ni hasara tupu: bidhaa zipo, mwenyewe yupo, na hakuna wa kuzinyanyua.

Vivyo hivyo Kongwa, Waingereza walipoanzisha mashamba makubwa ya karanga mwaka 1947. Walileta matrekta na fedha nyingi mno, na maelfu ya watu wakaenda kutafuta kazi. Lakini vyakula vikapanda bei, mshahara usitoshe, na katika mwaka ule ule wa kwanza mgomo ulioanza kwa makuli wa bandari ya Dar es Salaam ukapanda na reli hata ukawafikia. Mradi wenyewe uliachwa mwaka 1951. Hatusemi kwamba ulikufa kwa ajili ya watumishi, kwani mvua na udongo wa Kongwa vilikuwa na neno kubwa zaidi. Ila twasema kwamba mwenye mali akisahau tumbo la mfanyakazi wake, mali yake haimsaidii.

HESABU AMBAYO MWENYE DUKA HAIFANYI

Wafanya biashara wetu ni hodari wa hesabu. Wajua bei ya gunia la mchele, wajua faida ya kila sahani, wajua umeme umekula kiasi gani. Lakini hesabu ya mtumishi anayeondoka hawaifanyi, kwa sababu haiandikwi katika daftari. Basi natuifanye hapa kwa mfano.

Mkahawa una watumishi 6. Ikiwa kila mmoja hukaa miezi 4 akaondoka, basi kwa mwaka mwenye mkahawa atawaingiza watu 18 katika nafasi zile 6. Tuseme kila mgeni huchukua wiki 2 mpaka azijue bei, azijue meza, na awajue wateja. Watu 18 mara wiki 2 ni wiki 36. Yaani katika wiki 52 za mwaka, kwa wiki 36 yuko mtu katika mkahawa ambaye alipwa naye bado hajui kazi. Huyo ndiye avunjaye vyombo, asahauye maagizo, arudishaye chenji isiyo sawa, na amfanyaye mteja aondoke amenuna. Lau watumishi wale wangalikaa miaka 2 kila mmoja, wangaliingia watu 3 tu kwa mwaka, na uanagenzi ungekuwa wiki 6. Tofauti ya wiki 30 ni fedha, ijapokuwa hakuna aliyeiona ikitoka mfukoni.

Na liko jambo jingine lisilopimwa kwa wiki. Katika biashara ya kuhudumia watu, mteja harudi kwa ajili ya meza na viti. Karani wa ofisini ana nusu saa ya chakula cha mchana. Yeye hurudi pale ambapo kijana akimwona tu ajua atakula nini. Mama anunuaye vitambaa hurudi kwa yule muuzaji ajuaye kwamba binti zake ni warefu. Ujuzi huo umo kichwani mwa mtumishi, na siku akiondoka huondoka nao. Na mara nyingi mteja naye humfuata huko aendako.

Hesabu hii waliifanya matajiri wakubwa kabla yetu. Huko Marekani, katika mwaka 1913, Henry Ford mwenye kiwanda cha magari alikuwa na haja ya wafanyakazi wapatao 14,000. Lakini kwa jinsi walivyokuwa wakiondoka, ilimlazimu kuandika watu zaidi ya 50,000 katika mwaka mmoja ili asipungukiwe. Januari 1914 akatangaza ujira wa dola 5 kwa siku, ambao ulikuwa karibu mara mbili ya uliokuwapo, na akapunguza saa za kazi kutoka 9 kuwa 8. Kuondoka kukapungua sana. Ford hakuwa mtu wa kutoa sadaka. Alikuwa mfanya biashara aliyeona kwamba kumbakiza mtu ni rahisi kuliko kumtafuta mwingine kila siku.

Hatumwambii mwenye mgahawa wa meza nne aongeze mshahara mara mbili. Twajua faida yake ni ndogo na kodi ya nyumba yamngoja. Lakini katika yale yanayowafukuza watumishi, mengi hayahitaji fedha kuyaondoa.

YANAYOWAFUKUZA

La kwanza ni ahadi isiyotimizwa. Mtumishi huambiwa mshahara utalipwa mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukifika huambiwa biashara ilikuwa mbaya, achukue nusu. Na nusu ile nyingine haina tarehe. Wahenga wamesema ahadi ni deni, na hili ni deni kwa maana zote mbili. Mtumishi anayedai hafanyi kazi kwa moyo, na siku apatapo pengine huondoka bila hata kuaga, kwa kuwa ajua akiaga hatalipwa.

La pili ni kuvunjiana heshima. Mtumishi akikosea, bwana wake humkemea mbele ya wateja ili wateja waone kwamba mwenye nyumba ni mkali. Wateja hawamsifu, huona haya, wakainamia sahani zao. Na yule aliyekemewa, ambaye pengine ana mke na watoto, hatasahau.

La tatu ni makato. Glasi ikivunjika, hukatwa. Chenji ikipungua, hukatwa. Mteja akitoroka bila kulipa, hukatwa. Hata mwisho wa mwezi mtumishi hupokea robo ya alichotumaini, na hakuna karatasi inayoonyesha ni kwa nini. Tunamjua binti mmoja aliyetoka kijijini akafanya kazi katika mkahawa mmoja hapa mjini, ambao hatuutaji, akarudi kwao baada ya miezi mitano akiwa hana nauli. Kila alipouliza, alionyeshwa hesabu ya vyombo. Baba yake alikuja kwetu kutaka shauri. Alichosema kilikuwa kifupi: "Nilimtoa akanisaidie, sasa nimemkomboa." Na wadogo zake wawili waliokuwa wakingojea madaftari walikaa nyumbani muhula mzima.

La nne ni saa za kazi. Kijana afungua mlango saa kumi na moja alfajiri, na aufunga saa nne usiku, siku saba za wiki. Hana wakati wa kusali kwa utulivu, hana Ijumaa, hana siku ya kwenda kuwaona wazazi. Mwili wa binadamu si mashine. Ukichoka hutoa huduma ya kuchoka, kisha huondoka.

DINI YETU INASEMAJE

Sisi Waislamu hatuna udhuru katika mambo haya, kwani Kitabu chetu na mwenendo wa Mtume wetu (S.A.W.) vimeyaeleza kabla ya sheria za leo.

Katika Sura ya Al-Qasas, kuanzia aya ya 26 hadi ya 28, mna habari ya Nabii Musa (A.S.) alipokimbilia Madyana. Binti wa mzee yule wa Madyana alimshauri baba yake amwajiri, kwa sifa mbili: nguvu na uaminifu. Lakini tazama jinsi mzee alivyofanya. Alimweleza muda wa kazi, miaka minane. Akamweleza kwamba akitimiza kumi, hiyo ni hiari yake. Na akamdhihirishia kwamba hakusudii kumtaabisha. Kisha wakaweka ahadi, na Mwenyezi Mungu akawa shahidi wao. Yako hapa mambo matatu ambayo katika maduka yetu hayapo: muda unaojulikana, ziada inayoachwa katika hiari, na tajiri kutamka tangu mwanzo kwamba hataki kumwonea mtu. Na Nabii Musa alikaa, akatimiza muda wake.

Wanazuoni wetu wa fiqhi, walipozungumzia ijara, waliweka sharti kwamba kazi ijulikane na ujira ujulikane kabla ya kuanza. Neno lile tulilolizoea, "Wewe anza tu, tutaelewana," si mapatano ya kisheria. Ni mlango wa ugomvi. Na Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tumpe mwajiriwa haki yake mapema, asingoje hata jasho lake kukauka; basi vipi hali ya yule ambaye jasho lake limekauka miezi mitatu iliyopita?

Tena iko hadithi mashuhuri ya wale watu watatu waliofungiwa na jabali pangoni. Mmoja wao alikuwa na mwajiriwa aliyeondoka bila kuchukua ujira wake. Yule tajiri hakusema, "Maadamu ameondoka, amesamehe." Aliufanyia kazi ujira ule hata ukazaa ngamia, ng'ombe na kondoo, na mwenyewe aliporudi baada ya muda mrefu akampa wote. Kwa amali ile aliomba, na jabali likasogea. Wangapi kati yetu wana ujira wa watu walioondoka umelala katika biashara zao, nao wanashangaa kwamba baraka haipo?

Na katika habari ya kumkemea mtumishi, yatosha ushahidi wa Anas bin Malik (R.A.). Alipelekwa kwa Mtume (S.A.W.) akiwa mtoto wa miaka ipatayo kumi, akamtumikia karibu miaka kumi hata Mtume alipofariki. Anasimulia kwamba katika muda wote ule hakumsikia akimtamkia hata neno la kuguna, wala kumwuliza kwa nini umefanya hivi au kwa nini hukufanya vile. Miaka kumi! Sisi tumtafute mtumishi aliyekaa nasi miaka miwili, kisha tujiulize tofauti iko wapi.

SHERIA YA NCHI

Wengi hudhani kwamba sheria ya kazi ni ya Serikali na viwanda vikubwa. Sivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhusu hata mwenye mkahawa mdogo, na hata bibi wa nyumba aliye na msaidizi. Tutaje machache yanayofaa kujulikana na pande zote mbili.

Mwajiri humpa mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi: kazi gani, wapi, saa ngapi, kwa ujira gani. Saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki, na siku za kazi zisizidi 6 katika wiki. Ziada hulipwa mara moja na nusu ya ujira wa saa. Afanyaye kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi huongezewa asilimia 5 ya ujira wa msingi kwa kila saa ya usiku. Aliyetimiza miezi 6 ana haki ya likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo. Mzazi wa kike ana siku 84 za likizo ya uzazi, na 100 akijaaliwa pacha. Baba ana siku 3.

Katika habari ya vyombo vilivyovunjika, sheria haikumruhusu tajiri akate apendavyo. Sharti hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi. Apewe nafasi ya kujitetea. Asidaiwe zaidi ya thamani ya kitu. Na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Mteja aliyetoroka si kosa la mhudumu aliyekuwa jikoni akichukua sahani nyingine.

Mwenye kulipwa kwa mwezi, akitaka kuacha au akitaka kuachishwa, notisi ni siku zisizopungua 28. Isipokuwa katika mwezi wa kwanza wa kazi, ambapo ni siku 7. Aliyetumikia mwaka mmoja au zaidi, akiachishwa na mwajiri bila kosa la utovu wa nidhamu, hulipwa kiinua mgongo cha ujira wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, hadi miaka 10. Na kima cha chini cha mshahara kwa sekta binafsi hutangazwa na Serikali kwa kila aina ya biashara. Amri moja ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2023, na nyingine ikaifuata tarehe 1 Januari 2026. Mwenye biashara aulize katika ofisi ya kazi kiwango cha biashara yake, asitegemee anacholipa jirani.

Ugomvi ukitokea, iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Aliyeachishwa kazi kwa dhuluma apeleke malalamiko yake ndani ya siku 30. Madai mengine ndani ya siku 60. Wengi hupoteza haki yao kwa kuambiwa "njoo kesho" mpaka siku zile zikapita.

MISIMU YETU

Yako mambo ya mahali petu ambayo sheria haiwezi kuyajua, nasi twapaswa kuyapanga wenyewe. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, nao huanza kiasi cha Desemba hata Aprili. Vijana wengi wahudumuo mjini wametoka vijiji vya Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa na Kondoa. Mvua zikinyesha, baba hupiga simu: njoo tupande uwele na mtama. Kijana akiomba ruhusa akanyimwa, huondoka. Kwani ajua mkahawa utakuwapo mwakani, bali mvua haitamngoja.

Kwa upande wa pili, biashara ya mji huu hufuata vikao vya Bunge. Mkutano wa Bajeti huanza Aprili, ukaendelea hata mwisho wa Juni. Hapo vyumba hujaa na meza hazitoshi. Bunge likiahirishwa, matajiri huwapunguza watu, kisha kikao kijacho huanza kuwatafuta upya. Lakini tazama: kati ya katikati ya Desemba na katikati ya Januari, wakati wa kupanda, kwa kawaida Bunge halikai na wageni ni wachache. Ni kitu gani kinachomzuia mwenye nyumba ya wageni kupanga likizo zile za siku 28 katika wakati huo, kwa zamu, kijana akalime na arudi? Likizo ambayo sharti aitoe kwa vyovyote, akiitoa wakati huo huondoa sababu kubwa ya watu kumkimbia. Wala halihitaji zaidi ya kuketi pamoja mwezi wa Oktoba na kuandika majina.

Na iko Ramadhani. Mikahawa yetu mingi ya Waislamu hufungwa mchana, na watumishi huambiwa warudi baada ya Idi, bila kitu. Mwezi wa rehema huwa kwao mwezi wa njaa, na Idi huwakuta hawana nguo za watoto. Mwenye mkahawa aweza kupatana nao mapema: kazi ianze alasiri kwa maandalizi ya futari, iendelee usiku, na malipo yajulikane. Asiyeweza kulipa mshahara mzima na aseme mapema, wapatane, kuliko kumwacha mtu akisikia habari hiyo usiku wa mwezi kuandama.

NA WATUMISHI NAO

Tusipowaambia neno vijana wetu tutakuwa tumepima kwa mizani ya upande mmoja. Wako waondokao kwa kuongezewa kitu kidogo, wakamwacha tajiri siku ya shughuli na wageni mezani. Wako waondokao na ufunguo, au na namba za wateja. Wako walioaminiwa sanduku la fedha wakajikopesha kimya kimya, wakisema watarudisha. Ujira ni haki, na kazi nayo ni amana. Yule binti wa Madyana alitaja sifa mbili. Mwenye nguvu asiye mwaminifu hakuitimiza.

Kijana anayetaka kuacha atoe notisi, amalize siku zake, akabidhi vitu mbele ya shahidi, na aombe cheti cha utumishi, ambacho sheria yampa haki ya kukipata. Miaka miwili mahali pamoja humpa mtu jina. Na katika mji kama huu, ambamo wenye nyumba huulizana kwa simu, jina lina thamani kuliko nyongeza ya mwezi mmoja. Wazazi nao, kabla ya kumtoa mtoto kijijini, wamwulize tajiri maswali manne: kazi gani, ujira kiasi gani na siku gani, atalala wapi, na atakuja lini kutuona. Wasione haya kuuliza, kwani mzee wa Madyana aliyaeleza ya kwake kabla ya kuulizwa.

SHAURI LETU

Twawashauri wenye biashara wanaotusoma wafanye mambo haya mwezi huu, wala wasingoje mwakani. Waandike mapatano ya kila mtumishi, hata kama ni ukurasa mmoja wa daftari uliotiwa sahihi na wote wawili. Wachague tarehe moja ya mshahara na wasiivunje. Na wautume kwa simu ili ubaki ushahidi. Wakitaka kukemea, wamwite mtu nyuma. Wamwachie kila mmoja siku yake ya mapumziko na wakati wake wa sala. Na mtumishi atakapoondoka, wamwulize sababu kwa upole, kisha wanyamaze wasikilize, kwani huyo ndiye pekee atakayewaambia kweli bila kuogopa.

Tena na watazame katika madaftari yao kama liko jina la mtu aliyeondoka akiwa anadai. Wamtafute wamlipe. Namba yake haijapotea, na njia ya kumtumia ni fupi. Huenda asirudi kazini. Lakini atapowaambia wenzake kwamba alilipwa hata baada ya kuondoka, watakaokuja kuomba kazi mlangoni watakuwa watu wa namna nyingine.

Wabillahi tawfiq.